Koplo Docus Namwase Odero, Aliyepanda Tangi Bila Buti

Familia imekubaliana wasifu huu uwe wa Kiswahili. Upande mmoja wa hema wameketi watu wa Budondo, upande wa pili wakwe waliovuka mpaka kutoka Ugunja, Kenya, na nyuma yao askari magereza waliotumikia pamoja na marehemu. Hakuna lugha nyingine inayowafikia wote hawa kwa mara moja. Wasifu unasomwa na Janepher, binti yake wa kwanza.

Docus Namwase alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Budondo, wilaya ya Jinja, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Mikaeli Mugoya na hayati Mama Kevina Nabirye. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kahawa na ndizi, Wakatoliki ambao rozari ya jioni kwao haikungoja mgeni wala mvua.

Alikua katika miaka ambayo Kiswahili kilifika vijijini kimevaa buti. Watu wakikisikia barabarani walifunga milango. Jumapili moja mwaka 1975, marehemu na baba yake walikuwa wakienda misa, Mzee Mugoya akisukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi wa kutolea sadaka. Wanajeshi waliwasimamisha, wakamuuliza mzee ameiba wapi baiskeli. Mzee hakujua neno lao hata moja, akajibu kwa Lusoga, lugha ya nyumbani. Walimpiga kofi, wakampigisha magoti matopeni.

Marehemu alikuwa amezoea kutumwa chumvi kwenye duka la Adrisi, na mke wa Adrisi, Bi Hadijah, alikuwa amemfundisha maneno mawili matatu. Akayakusanya yote aliyokuwa nayo.

"Afande, huyu baba yangu. Baiskeli yake. Sisi nakwenda kanisa."

"Kanisani mnafanya nini?" mwanajeshi akauliza.

"Tunaombea watu. Hata nyinyi."

Yule mtu akamtazama kitambo, akachukua mkungu wa ndizi, akawaambia waende.  Waliporudi nyumbani Mzee Mugoya akamwambia mkewe, "Huyu mtoto aende kwa Hadijah kila jioni. Aimalize lugha hiyo." Wengi kijijini walishangaa mtu aliyepigwa kwa Kiswahili kumpeleka bintiye akajifunze Kiswahili. Mzee hakuwaeleza, na Docus alikwenda.

Alisoma shule ya msingi ya parokia, kisha sekondari mjini Jinja, akamaliza kidato cha nne mwaka 1980. Kwa miaka miwili alifundisha katekisimu watoto wa komunio ya kwanza. Mwaka 1983 aliingia jeshi la magereza, na baada ya mafunzo huko Kampala akapangiwa gereza la wanawake upande wa Mbale, chini ya milima ya Wanale. Mama yake alilia. Alisema hakumzaa mtoto ashike funguo za kufungia binadamu wenzake. Marehemu alimjibu kwamba funguo zitashikwa na mtu kwa vyovyote vile.

Mbale ndiko alikokutana na mume wake. Bwana Lawrence Odero alikuwa dereva wa lori la saruji, na siku hiyo alichelewa misa, akaingia kwa mlango wa pembeni, akaketi kwenye benchi la kina mama bila kujua. Marehemu alimsogezea kitabu cha nyimbo, akamnong'oneza, "Bwana, umekaa kwa Legio ya Maria. Ukitoka kabla ya mwisho utatozwa faini." Bwana Odero aliamini, akakaa mpaka mkutano wa Legio ulipokwisha. Walifunga ndoa takatifu mjini Mbale tarehe 25 Agosti 1990, na Mungu akawajalia Janepher, Arnold na Douglas.

Tarehe 17 Julai 2006 Arnold alifariki. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Asubuhi aliumwa kichwa, marehemu akampa dawa ya malaria akaenda zamu, na alipoitwa kurudi malaria ilikuwa imekwisha kupanda kichwani. Alizikwa hapa Budondo, hatua chache kutoka tunapoketi leo.

Hili linalofuata marehemu alilisimulia mwenyewe mara nyingi katika jumuiya ndogo ya Mpumudde, mjini Jinja, alikohamia baadaye, na aliagiza lisifichwe siku ya kuzikwa kwake. Baada ya Arnold, hakuweza kusali. Alikwenda misa kila Jumapili kama mtu anayekwenda zamu: anafika, anasimama, anaketi, anatoka. Midomo ilisema Baba Yetu, na moyo ukakaa nje ya mlango. Hakumwambia padri wala mumewe. Miaka ilipita hivyo, na watu wakamsifu kuwa mama wa imani.

Ndipo ikaja Jumatano ya Majivu, tarehe 9 Machi 2011.

Gerezani alikuwamo mama aitwaye Brigid, mwenyeji wa milimani, aliyefungwa miaka kumi na miwili kwa kifo cha mume wake. Mume huyo alikuwa akimpiga, na siku moja Brigid alimrudishia kwa mchi. Alifika gerezani akiwa mjamzito, akajifungulia humo mtoto wa kike, Shallon. Sheria iliruhusu mtoto kukaa na mama mpaka umri fulani tu, na umri huo ulikuwa umefika. Siku hiyo ndugu wa mume huyo aliyeuawa alikuja kumchukua mtoto. Ni mtu yule yule aliyesimama nje ya mahakama akaapa kwamba damu ya kaka yake italipwa. Karatasi zake zilikuwa sawa.

Brigid aliposikia jina la aliyekuja, alimfunga mtoto mgongoni, akapanda ngazi ya mnara wa tangi la maji. Akafika juu kabisa, akaketi ukingoni, miguu ikining'inia.

Marehemu alikuwa ametoka misa ya asubuhi, majivu yangali kwenye paji la uso. Alikuta wafungwa wamesukumwa vyumbani, askari wamesimama chini ya mnara, na mkuu wa zamu akiwaagiza askari wawili wanaume wapande wamshushe kwa nguvu. Upande wa Wanale wingu lilikuwa limeshashuka nusu ya mlima.

"Afande," marehemu akasema, "akiona buti kwenye ngazi, ataruka."

"Koplo, unanifundisha kazi?"

"Hapana, afande. Naomba nipande mimi."

"Akianguka na mtoto?"

"Wakipanda hawa ataanguka. Nikipanda mimi hatujui."

Mkuu wa zamu akatazama wingu. "Mvua ikianza, ninawapandisha."

Marehemu alivua buti na soksi. Akaomba jikoni kikombe cha uji chenye kifuniko, akakifunga kwenye leso, leso akaishika kwa meno. Waliomfahamu wanajua kwamba mama huyu hakuwa akipanda hata kiti kubadilisha balbu, kazi hiyo ilimngoja Douglas. Alisema baadaye kwamba katikati ya ngazi alikumbatia chuma, akataka kusali, na hakupata hata neno moja. Akapanda hivyo hivyo, bila neno.

"Usikaribie, Madam," Brigid akasema.

"Sikaribii. Nakaa hapa. Mimi mwenyewe naogopa." Akaketi, mkono mmoja kwenye bomba. "Mtoto amekula?"

 Shallon alikuwa akilia kwa sauti iliyokauka.

"Nimekuja na uji. Una sukari."

"Unataka nimtoe mgongoni mmkamate."

"Mnyweshe huko huko mgongoni. Mimi nasukuma kikombe tu."

Akakisukuma kwa ncha za vidole. Brigid alikitazama, akakitazama tena, mwisho akakichukua, akakipitisha juu ya bega. Mtoto akanyamaza. Chini walisikia kilio kimekatika, na askari mmoja akafunika macho, akidhani yametokea.

"Nini hicho usoni?" Brigid akauliza.

"Majivu. Leo tunaanza Kwaresima. Padri ametukumbusha kwamba sisi ni mavumbi."

"Mimi nilijua bila padri."

Marehemu alisema alikaribia kucheka, akaogopa kucheka kwa sababu ya urefu ule. Wakakaa. Upepo wa mvua ukaanza kuvuta nguo zao. Mkuu wa zamu akaita kutoka chini, "Koplo!" Marehemu akainua mkono bila kugeuka.

Brigid akasema, "Nyinyi mnasali kila siku. Niambie. Mungu yuko wapi leo?"

Hapo ndipo marehemu alipotaka kumpa jibu alilokuwa akiwafundisha watoto wa komunio. Jibu lilikuja mpaka mdomoni, akaona haya nalo. Akasema ukweli.

"Sijui. Nilizika mtoto, na tangu siku hiyo namtafuta, simwoni. Asubuhi hii pia nimemtafuta."

"Basi umepanda kufanya nini?"

"Kwa sababu mtoto alikuwa analia. Sasa amenyamaza. Hilo ndilo ninaloliona mimi. Zaidi ya hilo sioni."

Matone ya kwanza yakaanguka kwenye tangi, makubwa, yenye mlio. Chini askari wawili wakaja kwenye ngazi. Brigid akaona, akasogea ukingoni mpaka marehemu akaona mgongo wa mtoto uko hewani.

"Akiingia nyumba ile hatatoka mzima," Brigid akasema. "Heri tuondoke pamoja."

"Nitamchukua mimi."

"Unasema tu."

"Nitamchukua mimi. Atalala kwangu na wanangu. Nitakuletea umwone. Ukitoka, ni wako."

"Apa."

"Siapi. Nipe nimshike, halafu uangalie kama nasema tu."

Ngazi ilitikisika, askari wamekwishaanza kupanda. Marehemu akapaza sauti, kwa Kiswahili kile cha amri ambacho hakuwa amekitumia kwa mtu yeyote maishani: "Rudi chini!" Wakarudi. Kisha akatambaa kwa magoti juu ya bati lililolowa mpaka alipomfikia Brigid. Hakumshika mkono wala kumvuta. Alilegeza fundo la kitambaa polepole, kama mtu anayemsaidia mwenzake sokoni, akampokea mtoto kifuani. Brigid akabaki ameketi, mikono mitupu, mvua ikimpiga. Marehemu alisema hicho ndicho kipindi kilichomtisha kuliko vyote, maana mwenzake hakuwa na kitu tena cha kumzuia.

"Shuka mbele yangu," akamwambia. "Mimi siwezi ngazi hii na mtoto. Nishikie miguu."

Brigid akageuka, akatangulia. Akashuka akiiweka miguu ya marehemu kwenye kila kipandio, mmoja baada ya mwingine, mpaka chini. Huyo ndiye mwanamke ambaye muda mfupi kabla alitaka kuruka.

Mkuu wa zamu alikubali mtoto akae kwa marehemu mpaka hakimu aamue. Jioni ile, nyumbani, akimkausha mtoto kwa taulo, marehemu alijikuta anasema Salamu Maria bila kukusudia. Alifika nusu akalia, hakuimaliza. Ila aliwaambia kina mama wa jumuiya kwamba nusu ile ilikuwa sala yake ya kwanza tangu Arnold.

Mambo hayakunyooka kwa sababu hiyo. Yule ndugu wa mume alifika nyumbani Mbale na wanaume wengine, wakasimama langoni, wakasema watamchukua mtoto wao. Bwana Odero alikuwa safarini. Marehemu alifungua lango, akasimama katikati na mtoto mgongoni, akawaambia, "Twendeni mahakamani. Hapa hamumchukui." Walitukana wakaondoka. Walirudi mara ya pili, wakavunja dirisha. Bwana Odero aliporudi alikuta kioo kimezibwa kwa boksi na mtoto asiyemjua amelala kwenye kitanda cha Arnold.

"Namwase, huyu ni nani?"

"Mtoto wa mfungwa. Nimeahidi."

"Umeahidi bila kuniuliza."

"Hakukuwa na simu kule juu."

Bwana Odero hakucheka. Alitoka nje, akaosha lori ambalo halikuwa chafu. Familia inakumbuka kwamba kwa wiki nzima alizungumza na mkewe kwa maneno ya lazima tu, na marehemu hakumlaumu. Wiki ilipokwisha, Shallon aliamka na homa, na Bwana Odero ndiye aliyemnyanyua wa kwanza, akakimbia naye zahanati kwa miguu, hakungoja hata bodaboda. Waliporudi alisema tu, "Huyu hatoki tena." Hakimu aliwapa ulezi mwezi Juni. Mwezi huo huo marehemu alihamishiwa Jinja, na ingawa barua haikutoa sababu, kila mtu aliijua: askari alikuwa amemchukua mtoto wa mfungwa wake. Familia ikapata nyumba Mpumudde.

Kila mwezi, kwa muda wote wa kifungo, marehemu alisafiri na Shallon kwa barabara ya Tirinyi kwenda Mbale kumwona mama yake. Mara ya kwanza mtoto alimkataa Brigid, akajificha nyuma ya sketi. Marehemu akatoka nje ya chumba cha wageni, akasimama juani, ili mtoto asiwe na sketi ya kujificha.

Nyumbani Mpumudde alianzisha desturi ambayo wanawe waliilalamikia sana. Wakati wa chakula cha jioni, kila mmoja alitakiwa kutaja jambo moja la siku hiyo ambamo aliona mkono wa Mungu. Kusema "kila kitu" hakukuruhusiwa, wala kusema "uzima." Douglas, akiwa amechoka na njaa, siku moja alisema, "Chapati." Wengine wakacheka. Marehemu akauliza, "Chapati ya nani?" "Ya mama wa kioski. Nilikuwa sina kitu, akaniita." "Basi umesema vizuri," akamwambia, "kula." Yeye mwenyewe zamu yake ikifika, kuna siku alisema, "Leo sikuona. Kesho nitaangalia tena." Watoto walijifunza kwamba hata hilo ni jibu.

Mwaka 2017 ilijulikana kwamba Brigid atatoka, kifungo chake kimepunguzwa kwa mwenendo mwema. Shallon alikuwa na miaka minane, anaongoza masomo katika misa ya watoto, na anamwita marehemu Mama. Usingizi ulimtoroka Docus Namwase. Alifua nguo za mtoto, akazikunja kwenye begi, akazitoa, akazifua tena. Alimwambia mumewe, "Odero, namwomba Mungu Brigid asije. Unasikia ninachoomba? Naomba mwanamke mwenzangu abaki gerezani."

"Utampa mtoto?" Bwana Odero akauliza.

"Nitampa. Lakini ninaomba hivyo."

Brigid alifika Mpumudde tarehe 6 Oktoba 2017, mchana, na mfuko mmoja wa plastiki. Marehemu alimpokea, akampa maji ya kunawa, akaleta begi, akaliweka miguuni pake. Shallon alisimama mlangoni akiwatazama wote wawili. Hakuna aliyemwambia aende upande gani.

Brigid akaliangalia begi. "Nimpeleke wapi, dada? Kule milimani wananingoja. Hapa Jinja simjui mtu ila nyinyi."

 Marehemu alisema baadaye kwamba furaha iliyompanda ilimtia haya, akaingoja ipoe kwanza ndipo aseme. Kisha akasema, "Basi leo mtalala hapa. Kesho tutatafuta chumba karibu."

Chumba kilipatikana nyumba ya tatu kutoka kwao. Brigid alianza kuuza nyanya na dagaa soko la Mpumudde, na mpaka leo anauza. Shallon alihamia kwake polepole, kwanza Jumamosi, kisha wiki nzima. Kwa marehemu haikuwa rahisi. Usiku wa kwanza ambao kitanda kile cha Arnold kilikaa kitupu tena, alikwenda kuketi juu yake, na Bwana Odero akaenda kuketi naye.

Alistaafu mwaka 2021 akiwa koplo, cheo kile kile alichopanda nacho tangi. Aliongoza jumuiya ya Mpumudde, akawatembelea wafungwa wa Jinja kila Ijumaa, sasa bila sare.

Mwezi Februari 2024 aligunduliwa ana saratani ya ini. Alitibiwa Jinja na Kampala, na dawa zilipochoka aliomba arudishwe nyumbani. Brigid alifunga meza yake ya nyanya, akahamia chumbani kwa mgonjwa. Alimwogesha, alimgeuza, alimsomea Injili ya siku akikosea maneno, na marehemu akimsahihisha huku amefumba jicho moja. Wiki za mwisho maumivu yalikuwa makali, na familia haitasema kwamba aliyapokea kwa tabasamu. Alilia. Kuna siku alikataa rozari, akaisukuma. Siku iliyofuata aliitafuta mwenyewe chini ya mto.

Alipokea Mpako wa Wagonjwa tarehe 14 Oktoba 2025. Padri alipoondoka Douglas alimuuliza, "Mama, unaogopa?"

"Naogopa," akasema. "Wewe nishike tu. Usiniambie nisiogope."

Alifariki asubuhi ya Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2025, nyumbani kwake Mpumudde, mkono wake mmoja umeshikwa na Bwana Odero na mwingine na Brigid. Shallon alikuwa ameanza Salamu Maria. Aliimaliza yote.

Marehemu ameacha mume, Bwana Lawrence Odero, watoto, Janepher, Douglas na Shallon, wajukuu wawili, dada yake Brigid, ambaye familia imeamua aandikwe hivyo, shemeji zake wa Ugunja wakiongozwa na Mzee Ojwang, jumuiya ya Mpumudde, na wanawake wengi waliopita mikononi mwake gerezani, ambao baadhi yao wako hapa na hawapendi kutajwa. Ametanguliwa na mwanawe Arnold, na kaburi lake limechimbwa kando ya la mtoto, kama alivyoomba.

Bwana, huyu ni Docus. Alikutafuta hata siku ambazo hakukuona. Mpokee, na umwache apumzike.